Jina la Malecela na Watu Waliolichukua

Siku ya kwanza ya muhula mwalimu hufungua kitabu cha mahudhurio na kuita majina. Kazi hii huonekana nyepesi, nami niliiona hivyo kwa miaka mingi. Lakini hapa Mtera ilinipata aibu ambayo sijaisahau. Katika darasa la sita alikuwamo kijana mmoja ambaye jina la babu yake lina herufi c. Mimi siku hizo nilikuwa nimerudi kutoka mjini, ulimi wangu umezoea Kiingereza. Basi nikaisoma herufi ile kana kwamba ni s. Nikaita mara ya kwanza, kimya. Nikaita mara ya pili, kimya. Nikaandika ya kuwa hayupo. Siku ya pili na ya tatu nikafanya vivyo hivyo, na kijana yupo pale pale, ameketi dawati la mbele, ananitazama. Siku ya nne nikamwuliza, "Kijana, mbona sijapata kulisikia jina lako?" Akasimama, akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, jina langu hujaliita bado."

Watoto wenzake walicheka, nami nikacheka nao, lakini sikufurahi. Siku tatu nzima nilikuwa nimemwandika mtoto wa watu kuwa mtoro kwa sababu ya herufi moja niliyoisoma vibaya.

Tangu siku hiyo nimeazimu kuwafundisha wanafunzi wangu habari za majina ya ukoo. Na kwa kuwa jambo hueleweka upesi likishikwa kwa mfano mmoja, nitachukua jina moja la Ugogo linalojulikana nchi nzima, tena lenye herufi hiyo hiyo iliyonitia aibu, nalo ni jina la Malecela.

Kwanza tujifunze kulitamka. Katika Kiswahili herufi c haisimami peke yake. Daima huandamana na h, kama katika chakula, chungu na kucha. Lakini katika Cigogo, kama kilivyoandikwa katika vitabu vya kanisa na vya shule, c husimama peke yake, na sauti yake ni ile ile ya ch. Hata jina la lugha yenyewe huandikwa Cigogo, nasi husoma Chigogo. Basi Malecela husomwa Malechela. Asemaye Malesela amefuata Kiingereza, naye asemaye Malekela amekisia tu. Wageni husema makosa haya yote mawili, na mwenye jina, kwa upole wa Kigogo, mara nyingi huitika tu. Si wote walio wakaidi kama yule kijana wangu.

Pili, tuulize jina la ukoo ni kitu gani. Leo, mtu akijaza karatasi yo yote ya serikali, huandika majina matatu: la kwanza lake mwenyewe, la pili la babaye, la tatu la babu au la ukoo. Twadhani mambo yamekuwa hivi tangu kuumbwa kwa dunia, wala sivyo. Wagogo tangu zamani wana koo, nao huita ukoo mbeyu, neno lile lile litumikalo kwa mbegu ipandwayo shambani. Kila mtu aliijua mbeyu yake, maana kwa hiyo alijua ni nani ndugu na ni nani awezaye kumwoa. Lakini mtu hakuitwa kwa jina la mbeyu kila siku. Aliitwa kwa jina lake mwenyewe, na kama walikuwapo wawili wenye jina moja, alitajwa pamoja na babaye ili watu wamtambue.

Na jina lake hilo mwenyewe mara nyingi lilikuwa na habari ndani yake. Mvua ikinyesha, Wagogo husema inatonya. Ndiyo maana utawakuta akina Matonya wengi katika Ugogo, na mara nyingi mzee wa kwanza kuitwa hivyo alizaliwa siku za mvua. Nzala ni njaa, nalo pia ni jina la mtu. Katika nchi kavu kama yetu hapana ajabu mvua na njaa kuingia katika majina. Hata njaa zenyewe zilipewa majina kama watu. Ile njaa kubwa iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, wazee waliiita Mtunya. Mzee asiyejua alizaliwa mwaka gani aliweza kusema, "Mimi wakati wa Mtunya nilikuwa nikichunga mbuzi," na wenzake wakajua umri wake sawasawa.

Jina la namna hii lilikuwa la mtu mmoja na maisha yake mwenyewe. Hata mwanawe alipata jina jingine, lenye habari nyingine. Ni nini basi kililifanya jina la mtu mmoja lishikwe na watoto, na wajukuu, na vitukuu ambao hawakupata kumwona?

Mambo mawili yalifanya hivyo: ubatizo na daftari. Wamisionari walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, kisha wakajenga Mvumi na mahali pengine. Waliobatizwa walipata majina ya Kitabu: Yohana, Samweli, Petro, Mariamu. Majina hayo ni mazuri, lakini ni machache. Shule ilipojaa, mwalimu aliita "Yohana" wakasimama watano. Hapakuwa na njia ila kuongeza jina la baba au la babu ili kuwatenga. Kisha likaja daftari la kodi, na cheti cha shule, na hati ya safari, nazo zote zataka jina lisibadilike. Mtoto akaandikwa kwa jina la babu, akakua, akawaandikisha wanawe kwa jina lile lile. Hivyo jina lililokuwa la mtu mmoja likawa la nyumba nzima.

Tusifikiri ya kuwa ni sisi tu tulioanza jambo hili juzi. Nchi ya Japani ni nchi ya zamani sana, yenye vitabu vingi. Walakini kwa karne nyingi wakulima na wachuuzi wa huko hawakuruhusiwa kujitaja kwa jina la ukoo mbele ya serikali. Heshima hiyo ilikuwa ya watu wa vita na wakubwa. Mwaka 1870 serikali iliwaruhusu watu wote, na mwaka 1875 ikawaamuru: kila mtu lazima awe na jina la ukoo. Wengi wakatumia majina yaliyofaa mahali pao. Tanaka maana yake ni katikati ya shamba la mpunga, na Yamamoto ni chini ya mlima, penye shina lake. Tena Mjapani hutanguliza jina la ukoo, ndipo lake mwenyewe lifuate, kinyume cha desturi yetu. Kwa hiyo watu wawili wenye jina la Tanaka si lazima wawe ndugu. Yumkini babu zao walikaa mbali mbali, kila mmoja kando ya mpunga wake.

Katika nchi yetu wenyewe desturi si moja. Pwani, mtu alijulikana kwa neno bin au binti, yaani mwana wa fulani, na jina la mwisho likabadilika kila kizazi. Kilimanjaro, koo kubwa zilishika jina moja, na ukisikia Mosha au Lyimo wajua mara moja mtu ametoka upande gani. Ugogo upo kati ya hao wawili: jina la mwisho huwa ni la babu, lakini babu mashuhuri aweza kukaa vizazi vingi pasipo kuondoka.

Sasa turudi kwa Malecela.

Aliyelieneza jina hili nje ya Ugogo ni John Samwel Malecela, aliyezaliwa mwaka 1934 katika Dodoma. Tazameni jinsi majina yake yalivyopangwa: mawili ya Kitabu mbele, na la Kigogo nyuma. Historia yote niliyoieleza hapo juu imo ndani ya majina hayo matatu. Kijana huyo alisoma hata akafika Chuo Kikuu cha Bombay katika Uhindi, akajifunza mambo ya biashara. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 wasomi walikuwa wachache, na kazi zilikuwa nyingi. Kuanzia mwaka 1964 akawa mwakilishi wa nchi yetu katika Umoja wa Mataifa huko New York. Baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje, tangu 1972 hata 1975, kisha waziri wa kilimo, na kazi nyingine ambazo sitazitaja zote, maana orodha ya vyeo huchosha masikio.

Lakini liko tukio moja ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nami napenda mlijue. Mwezi wa Oktoba 1985 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Nassau, katika visiwa vya Bahama, wakashauriana juu ya Afrika ya Kusini. Huko weusi walio wengi walitawaliwa na weupe walio wachache kwa sheria za ubaguzi, na kiongozi wao Nelson Mandela alikuwa kifungoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakuu wale wakachagua watu saba wenye busara waende wakaone kama pana njia ya mapatano. Viongozi wa kundi hilo walikuwa Malcolm Fraser, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Australia, na Olusegun Obasanjo, aliyepata kutawala Nigeria. Mmoja wa wale saba alikuwa John Malecela.

Mwezi wa Mei 1986 watu hao walionana na Mandela katika gereza la Pollsmoor, karibu na mji wa Cape Town. Serikali ya makaburu haikutaka wageni wamwone amevaa nguo za kifungo. Basi ikamshonea suti nzuri, na mfungwa akaingia mbele yao kama mkuu wa nchi. Walizungumza naye juu ya amani, na juu ya lini na kwa masharti gani wapigania uhuru wangeweza kuweka silaha chini. Matumaini yalikuwapo. Walakini tarehe 19 Mei, wajumbe wangali wakifanya kazi yao, majeshi ya Afrika ya Kusini yalizishambulia Zambia, Zimbabwe na Botswana kwa siku moja. Wajumbe wakajua ya kuwa wenyeji wao hawakuwa na nia ya kweli. Wakaondoka, wakaandika taarifa yao, na taarifa hiyo iliufungua macho ulimwengu. Mandela alitoka kifungoni mwaka 1990. Nikisoma orodha ya wale saba, katikati ya majina ya Kizungu, la Kiyoruba na la Kihindi, halafu nikakuta jina lenye c ya Kigogo, husita kidogo nikalisoma tena polepole.

Mwaka huo huo wa 1990, mwezi wa Novemba, John Malecela aliwekwa kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Ni katika siku zake, mwaka 1992, sheria ilipobadilishwa vikaruhusiwa vyama vingi vya siasa. Watu walimpa jina la utani, wakamwita Tingatinga, kwa mfano wa mtambo ule mkubwa uvunjao njia palipokuwa na pori. Hili nalo ni namna ya jina: hulichagui wala huliandiki katika karatasi, bali watu wakikubandika, limekwisha nata.

Mambo hayakumwendea vema mpaka mwisho. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Nyerere, ingawa alikuwa amekwisha kung'atuka, alikasirika, akaona ya kwamba Waziri Mkuu hakusimama imara katika jambo hilo. Akaandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1994, kiitwacho Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, na humo akamlaumu kwa kumtaja jina. Mwezi wa Desemba 1994 Cleopa Msuya akaushika uwaziri mkuu mahali pake. Sikuandika hayo ili kumshushia mtu heshima. Mwanafunzi wa historia hupokea habari za mtu zote, za kupanda kwake na za kushuka kwake, ama sivyo asiseme ya kuwa amesoma.

Mtu wa pili wa jina hili ni mwanamke, naye ni binti wa John Malecela. Jina lake kamili ni Mwelecele Ntuli Malecela. Hebu mwanafunzi mmoja ajaribu kulisoma kwa sauti. Ndiyo, Mwelechele, c imo hata kabla hatujafika katika jina la ukoo. Watu wakafupisha, wakamwita Mwele. Tena tazameni: nilisema ya kwamba jina la pili huwa la baba, lakini hapa jina la pili ni Ntuli, wala si John. Desturi ya majina si kama hesabu za kujumlisha. Kila nyumba ina sababu zake.

Mwele alizaliwa mwaka 1963. Alisoma elimu ya wanyama na wadudu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1987 akaingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Amani, katika nchi ya Tanga. Baadaye alisoma London hata akapata shahada ya juu kabisa. Adui aliyemchagua kupigana naye ni ugonjwa wa matende na mabusha.

Ninyi wa hapa bara huenda hamjapata kuona ugonjwa huu, lakini pwani watu wanaujua sana. Chanzo chake ni minyoo midogo, myembamba kama uzi, ambayo mbu huwaingiza watu wanapoumwa. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ipitishayo majimaji ya mwili na kuiharibu, hata baada ya miaka mguu ukavimba ukawa kama wa tembo, au mwanamume akavimba sehemu zake za siri. Mara nyingi ugonjwa huu hauui. Humfanya mtu mzima ashindwe kulima na kuvua, na aone haya kukaa na wenzake. Tena kwa sababu wauguao ni maskini, kwa muda mrefu matajiri wa dunia hawakuujali. Ndiyo maana huhesabiwa pamoja na magonjwa yaliyosahauliwa.

Dawa yake si kumngoja mgonjwa avimbe. Watu wote wa mahali penye ugonjwa hupewa dawa mara moja kila mwaka, wagonjwa kwa wazima, kwa miaka kadhaa mfululizo, ili mbu akose mahali pa kuchota vijidudu. Kazi hiyo ilianza katika Tanzania mwaka 2000, na Mwele Malecela akawa kiongozi wake. Hebu fikirini ugumu wake. Mgawa dawa hufika kijijini pasipo na mizani wala hospitali. Atajuaje kipimo cha kila mtu? Hutumia fimbo yenye alama. Mtu husimama kando ya fimbo, na urefu wake huonyesha apewe vidonge vingapi. Kazi ya tatu ni ya ulimi, nayo ni ngumu kuliko zote: kumshawishi mtu ambaye haumwi ameze dawa. Hapo elimu ya London haimsaidii mtu ikiwa hajui kuketi na wazee.

Mwaka 2010 aliwekwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi ile, mwanamke wa kwanza kuishika kazi hiyo. Mwezi wa Desemba 2016 alitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya virusi vya Zika, na mara baada ya hapo akaondolewa katika kazi. Hakukaa kulalamika. Mwaka uliofuata aliingia katika Shirika la Afya Duniani, na muda si mrefu akawekwa Geneva kuwa mkurugenzi wa idara nzima ya magonjwa yale yaliyosahauliwa, si ya Tanzania tu, bali ya dunia yote. Alifariki dunia huko Geneva tarehe 10 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 58. Jina ambalo baba alilifikisha katika mikutano ya wakuu wa nchi, binti alilifikisha mpaka kwenye vijiji vya wenye matende. Nami sijui ni kwa nini vitabu vyetu humtaja baba kurasa nyingi, na binti mstari mmoja.

Jina la ukoo hupatikana kwa ndoa pia. Anne Kilango Malecela, aliyechaguliwa mwaka 2005 kuwa mbunge wa Same Mashariki, ni mke wa John Malecela. Kilango alikuja nalo, Malecela akalipata. Hakulitupa la kwanza ili ashike la pili. Nchi nyingine mwanamke akiolewa huliacha jina la babaye kabisa. Kwetu wako waachao na wako wasioacha, na serikali haimlazimishi mtu.

Hapo twafika penye fundo ambalo huwakanganya wengi. Katika baraza la kwanza la mawaziri wa Tanganyika huru, mwaka 1961, alikuwamo Mgogo mmoja aliyeitwa Job Malecela Lusinde. Alizaliwa mwaka 1930, akawa waziri wa serikali za mitaa, kisha wa mambo ya ndani, kisha wa mawasiliano na uchukuzi siku za kujengwa reli ya TAZARA. Baadaye akawa balozi katika China na Kenya, akafariki mwaka 2020. Jina la Malecela limekaa katikati yake, na la mwisho ni Lusinde. Je, tumweke katika orodha gani? Mwenye kupanga vitabu atamweka penye L. Mimi nasema jina la kati si pambo. Nalo lachukuliwa, ingawa halitangulizwi na wapiga chapa.

Na jina hilo la Lusinde lilikutana na la Malecela tena, safari hii kwa kushindana. Kwa miaka mingi John Malecela alikuwa mbunge wa jimbo lililochukua jina la mahali petu, jimbo la Mtera. Mwaka 2010 wanachama wa chama chake walipopiga kura za maoni, mzee yule aliyekuwa Waziri Mkuu alishindwa na kijana, Livingstone Lusinde, ambaye watu humwita Kibajaji. Wazee wa hapa walisema kwa mzaha ya kuwa gari la miguu mitatu limeipita tingatinga. Siku hiyo jina kubwa halikutosha kumpa mtu kura, wala jina la utani la kigari kidogo halikumzuia mtu kushinda.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi: je, kila mwenye jina la Malecela ni wa nyumba ile ya Waziri Mkuu? Jibu ni kama lile la Tanaka wa Japani. Majina haya yalianza kuwa ya mtu mmoja mmoja, na wazee wawili wa vijiji viwili waliweza kupewa jina moja pasipo kujuana. Mtoto mwenye jina hilo asijivunie mali isiyokuwa yake, wala asichekwe na wenzake kwa kuwa viatu vyake vimetoboka na "baba yake alikuwa mkubwa". Mzaha huo nimeusikia uwanjani kwa masikio yangu, nami naukataza.

Limebaki jambo la kuandika. Nami nitalieleza kwa yaliyonipata mwenyewe, maana yule kijana wa darasa la sita hakujua ya kuwa mwalimu wake alikuwa amekwisha kuumwa na nyoka yule yule. Jina la babu yangu nalo lina c. Nilipomaliza shule, karani katika ofisi moja aliiona c akadhani ni kosa, akaisahihisha akaweka k. Sikuangalia, nilikuwa kijana, nilifurahi kupata cheti. Miaka ikapita, nikapata cheti cha ualimu, na humo jina limeandikwa sawasawa, kwa c. Nilipokwenda kuandikishwa kazi, vyeti viwili vikawekwa mezani sambamba, na mkuu wa mahali pale akaniuliza, "Hawa ni watu wawili, wewe ni yupi?" Nikasema mimi ni wote wawili. Hakucheka. Nikarudishwa nyumbani niende nikaape mbele ya wakili ya kwamba majina yote mawili ni yangu. Kiapo kina ada, na nauli ya kwenda Dodoma mara tatu si haba. Baba aliuza mbuzi wawili. Mshahara wa kwanza ulichelewa miezi minne.

Kwa hiyo, wanafunzi wa darasa la saba, kabla majina yenu hayajapelekwa kwa ajili ya mtihani wa kumaliza shule, kila mmoja aende nyumbani akamwulize baba, au mama, au bibi, jina la ukoo lasemwaje na laandikwaje. Mwenye c aandike c, mwenye ch aandike ch, na walio ndugu wa tumbo moja waandike namna moja. Aiandike kwa herufi kubwa katika kipande cha karatasi, mzazi aione, ailete Jumatatu. Nitaita majina kutoka katika karatasi hizo, si kutoka katika daftari langu. Na nikikosea kutamka, asiitike mtu.